T. M. Krishna na muziki wa Karnatiki: mchanganyiko uko wapi?

Kinubi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisikiliza muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa jadi wa India ya kusini, na katika kusoma habari zake nimekutana mara nyingi na jina la T. M. Krishna, mwimbaji wa Chennai aliyezaliwa mwaka 1976. Karibu kila anayemwandika humtaja kwa mambo mawili: kwamba anachanganya mapokeo mbalimbali, na kwamba sanaa yake ameielekeza kwenye masuala ya jamii kama vile ubaguzi wa tabaka, dini na mazingira. Tatizo langu ni kwamba ninapomsikiliza sisikii mchanganyiko wowote. Nasikia sauti ya mtu, fidla, ngoma ya mridangam na tanpura, ile ala ya nyuzi inayovuma nyuma ya mwimbaji, basi. Hakuna gitaa, hakuna kinanda cha umeme, hakuna ngoma kutoka kwingine. Nikimlinganisha na kundi la Shakti la miaka ya 1970, ambamo gitaa la John McLaughlin lilikaa bega kwa bega na tabla ya Zakir Hussain na fidla ya L. Shankar, au na rekodi ambazo Ravi Shankar alizifanya pamoja na Yehudi Menuhin, Krishna anaonekana kuwa mhafidhina kabisa.

Naomba mnisaidie. Mchanganyiko unaosemwa uko wapi hasa? Tena, ilikuwaje mwaka 2024, Music Academy ya Madras (jina la zamani la Chennai), taasisi kubwa ya muziki huu, ilipotangaza kumpa heshima ya Sangita Kalanidhi, baadhi ya wanamuziki wenzake wakakasirika kiasi cha kujitoa kwenye mkutano wa mwaka wa taasisi hiyo? Ningependa majibu ya watu waliomsikiliza, maana vichwa vya habari hata mimi ninavyo.

---

Zuhura wa Vitabu amejibu:

Ndugu Kinubi, sikio lako halijakudanganya. Krishna hagusi raga, yaani mfumo wa sauti unaobeba wimbo, wala tala, yaani mpangilio wa mapigo. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Semmangudi Srinivasa Iyer, mmoja wa waimbaji waliotukuzwa sana katika karne ya 20, na malezi hayo yanasikika kila anapofungua kinywa. Ukiutafuta mchanganyiko katika ala utatoka mikono mitupu. Utafute katika mpangilio wa onyesho, katika maneno yanayoimbwa, na zaidi ya yote katika suala la nani anaketi jukwaani na jukwaa lenyewe limewekwa wapi.

Onyesho la Karnatiki kama linavyojulikana leo lilipata umbo lake katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na kwa kawaida anayepewa sifa hiyo ni Ariyakudi Ramanuja Iyengar. Huanza na varnam, kipande ambacho mwimbaji hukitumia kuichangamsha sauti. Zikafuata nyimbo za wastani. Ukaja wimbo mkuu mmoja, wenye utangulizi mrefu wa raga unaobuniwa papo hapo, na baada yake mpiga mridangam akapewa nafasi ya kupiga peke yake. Mwisho vikaja vipande vyepesi. Krishna ameuvunja mpango huo. Huweza kuiimba varnam katikati ya onyesho na kuipa uzito wote wa wimbo mkuu, au akaimba utangulizi mrefu wa raga kisha asiimbe wimbo wowote baada yake, au akamwachia mpiga fidla aendelee na raga hiyo huku yeye mwenyewe amenyamaza. Kwa mgeni haya ni mambo madogo. Kwa mzoefu wa kumbi za Chennai, anayejua kabisa ni dakika gani ainuke kwenda kunywa kahawa wakati wa ngoma, yalikuwa usumbufu wa kweli, na wako waliomlaumu kwa hilo miaka mingi kabla hajasema neno lolote kuhusu siasa.

Kuhusu maneno, sehemu kubwa ya nyimbo zinazoimbwa ni za watunzi watatu waliozaliwa katika karne ya 18, Tyagaraja, Muthuswami Dikshitar na Syama Sastri, na karibu zote ni za ibada kwa miungu ya Kihindu, hasa kwa Kitelugu na Kisanskriti. Krishna hajaziacha. Kando yake ameweka tungo za Perumal Murugan, mwandishi wa Kitamil ambaye mwaka 2015 alitangaza kuacha uandishi baada ya kuandamwa kwa ajili ya riwaya yake, hadi Mahakama Kuu ya Madras ilipompa haki mwaka 2016. Ameimba mashairi ya Narayana Guru, mwanamageuzi wa Kerala aliyepinga ubaguzi wa tabaka. Tangu mwaka 2020 ameimba pia maagizo ya Ashoka, mfalme wa India ya kale, yale yaliyochongwa kwenye miamba na nguzo katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa lugha yake ya Kiprakriti.

Hata hivyo, wimbo uliomfikisha kwa watu wasiowahi kuingia ukumbi wa Karnatiki ni ule wa Januari 2017 uitwao Chennai Poromboke Paadal, ambao maneno yake yaliandikwa na Kaber Vasuki. Poromboke ni ardhi ya pamoja isiyomilikiwa na mtu binafsi, kama vile kingo za mito, mabwawa na malisho, na katika Kitamil cha mitaani neno hilo limegeuka tusi la kumwita mtu asiye na faida. Wimbo unasimama upande wa kinachotukanwa. Krishna anauimba akiwa kwenye hori ya Ennore, mkono wa bahari ulio kaskazini mwa Chennai, mahali ambapo majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe yamejaza maji na kuwapunguzia wavuvi riziki yao, na maneno yanakumbusha mafuriko yaliyoukumba mji mwishoni mwa mwaka 2015. Raga zinafuatana moja baada ya nyingine kwa adabu zote za kijadi, ilhali lugha ni ile ambayo hadhira ya kumbi hizo haikuzoea kuisikia ikipambwa kwa raga. Mchanganyiko ulioutafuta ndio huo, na naamini ni mgumu zaidi kuufanya kuliko kuongeza gitaa.

---

Fundi Sauti amejibu:

Bi Zuhura amesema vizuri, lakini ameacha jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko wimbo wa Ennore.

Mwaka 2020 Krishna alitoa kitabu kiitwacho Sebastian & Sons, kinachohusu mafundi wanaotengeneza mridangam. Ngoma hiyo ina vichwa viwili, na kiunzi chake ni kipande cha mti wa mfenesi kilichochimbwa ndani. Ngozi zake ni za ng'ombe, mbuzi na nyati. Kichwa cha kulia hubandikwa duara jeusi linalopakwa safu juu ya safu na kusuguliwa kwa subira hadi ngoma itoe sauti inayolingana na ile ya mwimbaji. Kichwa cha kushoto hupakwa kinyunga cha semolina muda mfupi kabla ya kupigwa, ili sauti yake iwe nzito. Kazi hii inataka sikio la mwanamuziki kamili. Fundi asiyeijua sauti hawezi kuchagua ngozi, wala hawezi kujua ikazwe kiasi gani.

Mafundi hao wengi ni Wadaliti, watu waliowekwa chini ya ngazi zote za tabaka, na wengi wao ni Wakristo. Wapigaji maarufu kwa sehemu kubwa wamekuwa Wabrahmini, watu wa tabaka la juu kabisa, ambao kwao ng'ombe ni mnyama mtukufu na ngozi ya mzoga ni najisi. Basi mtu mmoja anakwenda machinjioni kuichagua ngozi na kuikagua kwa mikono yake, na mwingine anaipokea ikiwa ngoma safi, anaisujudia kabla ya kuipiga, na jina linalokumbukwa ni la huyo wa pili. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawa wamewamba kwa vizazi na hawakuvutia kitu.

Tukio la uzinduzi linaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Kitabu kilikuwa kizinduliwe katika ukumbi wa Kalakshetra, taasisi ya sanaa ya Chennai iliyoanzishwa na Rukmini Devi Arundale mwaka 1936 na ambayo sasa iko chini ya serikali kuu ya India. Siku chache kabla ya uzinduzi, baada ya magazeti kuchapisha dondoo iliyozungumzia ng'ombe, tabaka na mridangam, taasisi iliondoa ruhusa yake, na shughuli ikahamishiwa katika chuo cha uandishi wa habari cha mjini humo. Kitabu hakikusema lolote ambalo wapigaji hawakulijua. Kila mpiga mridangam anajua ngoma yake imetengenezwa kwa nini na imetengenezwa na nani.

---

Mkata Shauri amejibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa makini na naomba kupinga, kwa sababu naona tunaelekea kumchora mtu asiye na kasoro.

Krishna ni Mbrahmini, amezaliwa katika familia yenye nafasi, na alikwisha kuwa nyota wa kumbi zilezile kabla ya kuzikosoa. Mwaka 2015 alipotangaza kwamba hataimba tena katika Msimu wa Desemba wa Chennai, tamasha kubwa la wiki kadhaa linalobeba maisha ya wanamuziki wengi, alikuwa na uwezo wa kujitoa bila kupoteza mkate wake. Mwimbaji kijana asiye na jina, awe wa tabaka lolote, hana anasa hiyo. Mwaka uliofuata Krishna alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, na sehemu ya sababu ilikuwa juhudi zake za kuvunja vizuizi vya tabaka katika sanaa. Siidharau tuzo hiyo. Nauliza tu kama vizuizi vimevunjika au vimezungumzwa.

Tuchukue tamasha analotajwa nalo, lile la kijiji cha wavuvi cha Urur Olcott Kuppam, jirani na mtaa wa kitajiri wa Besant Nagar. Kupeleka Karnatiki kijijini bado ni kudhani kwamba Karnatiki ndiyo yenye kupelekwa na kwamba wavuvi ndio wenye kupungukiwa. Vivyo hivyo kwa Jogappa, waumini wa mungu wa kike Yellamma katika Karnataka, ambao wengi wao walizaliwa wakihesabiwa wanaume na wanaishi kwa jinsia nyingine. Wameimba naye jukwaa moja, jambo zuri kwa macho, lakini ni jina la nani linalovuta watu kununua tiketi au kuandika makala?

Kuhusu hasira za wenzake, nadhani tuwatendee haki. Ndugu wawili waimbaji, Ranjani na Gayatri, walipojitoa Machi 2024 walieleza kwamba Krishna ameidhalilisha jumuiya ya Karnatiki na imani iliyomo ndani ya muziki huo, na kwamba amemtukuza E. V. Ramasamy, yule mpinga dini na mpinga Ubrahmini anayeitwa Periyar. Unaweza kukataa hoja yao, nami sikubaliani nayo yote. Lakini mtu aliyelelewa kuimba Tyagaraja kama sala, akaambiwa kwamba sala yake ni ukuta wa tabaka, ana sababu ya kuumia, na kuumia huko si lazima kuwe chuki.

---

Kinubi ameandika tena:

Nawashukuru wote. Mkata Shauri amenifungua macho kwa upande ambao sikuutazamia. Kabla hatujaendelea, naomba aliyefuatilia kesi ya mahakamani kuhusu tuzo yake aniwekee sawa jambo moja: nimesoma mahali kwamba Mahakama ya Juu ya India ilimvua tuzo, na mahali pengine kwamba aliipokea. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli?

---

Karani amejibu:

Ndugu Kinubi, zilikuwa tuzo mbili zenye majina yanayokaribiana, na magazeti mengi yalizichanganya.

Sangita Kalanidhi ni heshima ya Music Academy yenyewe. Anayeipata huongoza mkutano wa mwaka wa taasisi hiyo mwezi Desemba na huvikwa heshima hiyo siku ya kwanza ya Januari. Tuzo ya pili ni ya fedha, ilianzishwa na gazeti la The Hindu mwaka 2005 kwa jina la mwimbaji M. S. Subbulakshmi, na hupewa mtu yuleyule aliyeteuliwa kuwa Sangita Kalanidhi. Mjukuu wa Subbulakshmi alikwenda mahakamani kuipinga hii ya pili tu, akisema kwamba bibi yake aliacha wosia wa kukataza kumbukumbu zozote kwa jina lake, na kwamba Krishna alikuwa ameandika maneno ya kumvunjia heshima. Novemba 2024 jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Madras alizuia jina la marehemu lisitumike. Desemba jopo la majaji wa mahakama hiyohiyo likabatilisha zuio hilo. Kisha tarehe 16 Desemba, tuzo ikiwa imekwisha kutolewa, Mahakama ya Juu ikatoa amri ya muda kwamba Krishna asijitambulishe kuwa mpokeaji wa tuzo yenye jina la Subbulakshmi. Sangita Kalanidhi haikuguswa. Aliongoza mkutano, aliimba, na Januari 2025 akavikwa.

Niongeze jambo lililo nje ya sheria. Subbulakshmi, aliyezaliwa Madurai mwaka 1916, alitoka katika jamii ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu na ambao walikuwa walinzi wa muziki na dansi ya jadi hadi sifa yao ilipoharibiwa na kampeni za maadili, na sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikapiga marufuku kuwekwa wakfu kwao. Mwaka 1968 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Sangita Kalanidhi. Makala ya Krishna iliyolalamikiwa ilihoji namna alivyolazimika kuvaa sura ya mke mcha Mungu wa nyumba ya Kibrahmini ili akubalike. Wako walioisoma kama tusi kwake. Mimi niliisoma kama lawama kwa waliomtaka awe hivyo.

---

Zuhura wa Vitabu amejibu:

Nimrudie Mkata Shauri, kwa kuwa hoja yake ya kijiji ina nguvu lakini imeacha nusu ya habari. Tamasha la Urur Olcott Kuppam halikuwa la Karnatiki peke yake. Palipigwa parai, ngoma ambayo kwa karne nyingi imehusishwa na Wadaliti na shughuli za mazishi, na sanaa nyingine za Kitamil zikapewa jukwaa lilelile. Wakazi wa Besant Nagar, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga kijiji kilicho hatua chache kutoka kwao, ndio waliolazimika kuvuka. Kwa hiyo aliyehitaji kupelekwa mahali alikuwa msikilizaji wa kumbi. Nakubali kwamba jina lililovuta magazeti lilikuwa la Krishna, na sina njia ya kulikwepa hilo.

Kuhusu imani, naona historia iko upande wake zaidi kuliko wanavyodhani wapinzani wake. Ile fidla wanayoihesabu leo kuwa ya Karnatiki tangu enzi ilitoka Ulaya, na aliyeiingiza katika muziki huu anatajwa kuwa Baluswami Dikshitar, ndugu wa Muthuswami. (Wapenzi wa taarabu hawatashangaa; fidla imepita kwetu pia na hakuna anayeiita ngeni.) Muthuswami mwenyewe aliandika maneno ya Kisanskriti juu ya tuni za Kizungu za enzi yake. Wakristo wa Kitamil walitunga katika raga tangu siku za Vedanayagam Sastriar. Abraham Pandithar, naye Mkristo, alichapisha mwaka 1917 moja ya kazi kubwa mno za nadharia ya muziki wa Kitamil. Sheikh Chinna Moulana alikuwa Mwislamu na bingwa wa nadaswaram, zumari la mahekalu. K. J. Yesudas, Mkatoliki, nyimbo zake za ibada ya Kihindu zinapigwa hekaluni, lakini hekalu la Guruvayur halimruhusu kuingia kwa kuwa si Mhindu.

Ndiyo maana mwaka 2018, waimbaji kadhaa wa Karnatiki walipotishwa kwa kuimba nyimbo za Kikristo, na mmoja wao akafuta onyesho lake, Krishna alitangaza kwamba atatoa kila mwezi wimbo wa Karnatiki unaomhusu Yesu au Allah. Novemba mwaka huohuo onyesho lake la Delhi, lililoandaliwa na mamlaka ya viwanja vya ndege pamoja na SPIC MACAY, shirika la kueneza sanaa za jadi kwa vijana, likaahirishwa baada ya kelele mitandaoni, na serikali ya jimbo la Delhi ikamkaribisha badala yake. Aliimba tarehe 17 mbele ya umati mkubwa, nyimbo za Kihindu, Kikristo na Kiislamu katika jioni moja. Alichokifanya hapo kilikuwa ni kuvirudisha mezani vitu ambavyo muziki wake ulikwisha kuvila zamani.

Ndugu Kinubi, ukitaka kusikia kwa masikio yako, anza na wimbo wa Ennore, kisha tafuta rekodi zake akiwa na Jogappa. Zisikilize mara mbili. Mara ya kwanza utamfuata Krishna kwa sababu sauti yake umeizoea. Mara ya pili ifuate chowdiki, ala ya uzi mmoja wanayoipiga Jogappa, na uangalie ni nani anayemsubiri mwenzake na ni nani anayeongoza mapigo.

---

Mkata Shauri amejibu:

Hoja ya fidla na ya Guruvayur naipokea yote. Ya kijiji naipokea nusu, na nusu iliyobaki itategemea jambo moja linaloweza kuhesabiwa: ni wapiga parai wangapi wanaoalikwa leo katika kumbi kubwa za Chennai mwezi Desemba, wakalipwa kama wanavyolipwa wapiga mridangam, katika onyesho ambalo Krishna hayumo.

---

Fundi Sauti amejibu:

Na mafundi wa ngozi wangapi wanaotajwa majina kwenye tangazo la onyesho. Ongeza hilo kwenye hesabu yako, ndugu.